Mpaka Lini? Homoni na Maumivu ya Endometriosisi Ukambani

"Sasa hii dawa nitaitumia mpaka lini?"

Swali hili huulizwa mjini Wote, huulizwa Mwingi na Mutomo, na mara nyingi huulizwa mlangoni, mgonjwa akiwa ameshainuka kitini. Anayeuliza alikuja kwa sababu ya maumivu ya hedhi yanayomlaza chini kila mwezi. Anaondoka amedungwa sindano ya miezi mitatu, au ana pakiti ya tembe mkobani, au ameambiwa arudi Alhamisi awekewe kijiti mkononi. Lipo na swali la pili, ambalo wengi hawamwulizi daktari bali humwuliza dada au jirani wakifika nyumbani: mimi sikwenda kupanga uzazi, mbona nimepewa dawa za kupanga uzazi?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba dawa hizi hutumiwa kwa miaka. Kwa wengine ni hadi watakapotaka mtoto, kwa wengine ni hadi hedhi ikome yenyewe katika umri wa miaka hamsini hivi. Hilo huwashtua watu, kwa hiyo sura hii inaeleza kwa nini ni miaka, ni dawa zipi, na nini cha kuangalia njiani.

Kinachouma

Ndani ya mji wa mimba kuna utando laini ambao kila mwezi hunenepa ukisubiri mimba. Mimba isipotunga, utando hubanduka na kutoka kama hedhi. Endometriosisi ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando huo huota nje ya mji wa mimba: kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai, kwenye mirija, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo au kibofu. Nako huko tishu hiyo husikia amri zilezile za mwezi. Hunenepa, huvuja damu, na damu hiyo haina njia ya kutokea. Mahali hapo huvimba, hufanya makovu, na viungo vinavyopaswa kuteleza kimoja juu ya kingine hugandana.

Anayetoa amri ni estrojeni, homoni inayotengenezwa zaidi na ovari. Homoni ni kemikali ambayo mwili huituma kwenye damu iende kuagiza kazi mahali pengine.

Dalili hutofautiana. Zinazotajwa sana ni hizi:

- maumivu makali ya hedhi yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu, na yasiyosikia dawa za kawaida;
- maumivu wakati wa tendo la ndoa;
- maumivu ya kwenda haja kubwa au ndogo, hasa siku za hedhi;
- kuchelewa kupata mimba;
- uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, sawa na asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Huku Ukambani, sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 kaunti ya Kitui na 987,653 kaunti ya Makueni. Hata ukiyapunguza makadirio hayo kwa ukali, unabaki na makumi ya maelfu ya wanawake katika kaunti hizi mbili, na wengi wao wanajua tu kwamba "siku zao ni mbaya".

Wakenya wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kupitia Njambi Koikai, mtangazaji na MC wa reggae aliyejulikana kama Fyah Mummah, aliyefariki tarehe 3 Juni 2024 akiwa na miaka 38. Kwake ugonjwa ulikuwa umefika kifuani, na mapafu yake yalikuwa yakisinyaa. Alisema hadharani mambo ambayo wanawake walikuwa wakiyanong'ona, na hilo ni deni kubwa tunalodaiwa naye. Hata hivyo kisa chake kiliwaachia wengine hofu kwamba kila mwenye endometriosisi ataishia hivyo. Ugonjwa wa kifuani ni nadra. Walio wengi wanateseka kuanzia kitovuni kwenda chini, na kwa walio wengi maumivu hayo yanaweza kutulizwa.

"Zaa, itaisha"

Msichana wa Ukambani anayelia kila mwezi atasikia neno hili kutoka kwa susu, yaani nyanya yake, kwa shangazi, na pengine kwa nesi pia: ukizaa itaisha. Wengine wamezaa wakiwa wadogo kwa kuamini hivyo, na mtoto akaacha kunyonya, hedhi ikarudi, na maumivu yakarudi nayo.

Wazee hawakuota jambo hilo, kuna walichokiona. Wakati wa ujauzito hedhi hukatika na projesteroni, homoni inayoulinda ujauzito, hupanda sana. Chini ya projesteroni nyingi tishu ya endometriosisi hutulia, na wengi hupata nafuu. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa Boston, Robert Kistner, aliligeuza jambo hilo kuwa matibabu. Aliwapa wagonjwa tembe za homoni bila kukatiza, ili mwili ukae katika hali inayofanana na ya ujauzito, bila mimba. Ripoti yake ilitoka 1958, na karibu kila dawa utakayoisoma hapa chini imetokana na wazo hilo.

Kwa hiyo susu alikosea kwenye muda tu. Ujauzito hutuliza kwa miezi tisa na muda wa kunyonyesha. Maumivu ya endometriosisi yanaweza kukaa miaka thelathini.

Kwa nini yarudi? Kila mkulima wa Kitui ameziona nyasi za mwezi wa Septemba, kavu na za kijivu, ungedhani zimekufa. Mvua ya Novemba ikinyesha wiki moja, kumekuwa kijani, kwa sababu mizizi haikuondoka. Estrojeni ndiyo mvua hiyo, na dawa za homoni ni kiangazi tunachokishikilia kwa makusudi. Haziing'oi mizizi, na hazitakausha uvimbe mkubwa uliokwisha kujengeka kwenye ovari. Ukiziacha kwa sababu maumivu yameisha, usishangae yakirudi. Mwenye shinikizo la damu haachi tembe siku kipimo kikisoma vizuri.

Kilichomo kabatini

Hapa ndipo Makueni ina bahati ambayo haijaitambua vya kutosha. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014, karibu wanawake 8 kati ya 10 walioolewa Makueni walikuwa wakitumia njia ya kupanga uzazi, kiwango cha juu kabisa nchini pamoja na Kirinyaga. Kitui ilikuwa nyuma, lakini nako zahanati nyingi zina nesi anayejua kudunga, kuweka kijiti na kukitoa. Dawa ambazo wanawake wa miji mikubwa duniani wanaandikiwa kwa ajili ya endometriosisi zinafanana sana na zile zilizo kwenye kabati hilo la kupanga uzazi.

Sindano ndiyo mfano mzuri zaidi. Depo ni projestini, yaani dawa inayoiga kazi ya projesteroni. Ile ya zamani ni miligramu 150, hudungwa kwenye msuli. Ile mpya, Sayana Press, ni miligramu 104 ndani ya kifuko kidogo chenye sindano yake, hudungwa chini ya ngozi, na mwanamke anaweza kufundishwa kujidunga mwenyewe nyumbani. Dawa hiyohiyo, kwa kipimo hichohicho cha miligramu 104, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kutibu maumivu ya endometriosisi. Huku kwetu iko kwenye boksi la kupanga uzazi, na mwenye maumivu hupita mbele yake akielekea kununua Brufen.

Vilivyobaki kabatini ni hivi.

Tembe za homoni mbili zina estrojeni kidogo pamoja na projestini. Pakiti ya kawaida ina tembe 28, na 7 za mwisho, mara nyingi za kahawia, ni madini ya chuma tu. Anayepanga uzazi huzimeza na kupata hedhi yake. Anayetibu maumivu anaweza kuambiwa azitupe zile 7 na kuanza pakiti nyingine siku inayofuata, ili hedhi isije kabisa. Hili lisipoelezwa, mgonjwa atameza zote 28, ataumwa katika wiki ya tembe za kahawia, na atasema dawa haifanyi kazi.

Kijiti, ile watu huita "ya mkono", hutoa projestini kwa miaka 3 au 5 kulingana na aina. Utafiti mdogo wa Brazil uliotolewa 2018 ulikilinganisha na koili ya homoni, na vyote viwili vilipunguza maumivu kwa kiasi kinachokaribiana.

Koili nazo ni mbili, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Koili ya homoni hutoa projestini ndani ya mji wa mimba na ni tiba nzuri ya maumivu. Koili ya shaba haina homoni yoyote. Inazuia mimba vizuri sana, lakini inaweza kuzidisha damu na maumivu ya hedhi. Mwenye endometriosisi akiambiwa tu "tutakuwekea koili", aulize ni ipi.

Nje ya kabati, kwenye duka la dawa, kuna norethisteroni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Primolut N kwa sababu wameitumia kuahirisha hedhi siku ya harusi. Ni projestini pia, na daktari anaweza kuiandika kwa miezi mingi. Halafu kuna dienogesti ya miligramu 2, tembe moja kila siku, iliyotengenezwa mahususi kwa ugonjwa huu. Ni nzuri, ila bei yake iko juu na utaipata kwa urahisi zaidi Nairobi kuliko Kathonzweni.

Je, dawa za kawaida zinasaidia kweli? Utafiti mmoja wa Uingereza, matokeo yake yakatolewa 2024, uliwafuata wanawake 405 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa endometriosisi. Kundi moja lilipewa tembe za homoni mbili, jingine Depo au koili ya homoni. Baada ya miaka 3 maumivu yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 katika makundi yote mawili. Tofauti ilionekana kwingine: waliotumia Depo au koili walihitaji kurudi kwenye upasuaji au kubadilishiwa matibabu mara chache zaidi. Dawa zote hizo ni za kawaida kabisa. Ila tuseme ukweli, asilimia 40 si mia. Mwanamke aliyekuwa halali kwa maumivu anaweza kufika kazini. Huenda bado akahitaji chupa ya maji moto na tembe mbili za Ponstan mwezi mmoja moja.

Lazima kwanza upasuliwe ndipo upewe dawa?

Zamani ilikuwa hivyo. Uhakika ulipatikana kwa laparoskopi, upasuaji wa kuingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo karibu na kitovu. Mwaka 2022 wataalamu wa Ulaya walibadilisha mwongozo wao: mwenye dalili zinazoeleweka anaweza kuanzishiwa homoni bila kusubiri kamera. Mkaaji wa Ikutha au Zombe, ambaye safari ya hospitali kubwa ya Nairobi inamlia siku nzima na nauli, hufaidika na mabadiliko hayo kuliko mkaaji wa Paris.

Kinachotakiwa kwanza ni kuondoa mambo mengine yanayoweza kuuma hivyo: kipimo cha mimba, uchunguzi wa maambukizi, na ultrasaundi kuangalia uvimbe. Ultrasaundi ikirudi "kawaida" haimaanishi maumivu ni ya kujitungia. Madoa madogo ya ugonjwa huu hayaonekani kwenye picha.

Damu isiyotoka inaenda wapi?

Hii ndiyo hofu ninayoiona ikiwaondoa wanawake kwenye matibabu kuliko nyingine yoyote. Depo ikishika, kwa wengi hedhi hupungua na kisha hukatika. Jirani anasema damu inajikusanya tumboni, itakuwa uvimbe, itaziba kizazi. Mama mkwe anahesabu miezi na kunyamaza.

Hakuna damu inayojikusanya. Hedhi ni utando uliobanduka. Projestini huufanya utando usinenepe, na usiponenepa hakuna cha kubanduka. Kwa mwenye endometriosisi hilo ndilo lengo lenyewe, kwa sababu madoa ya nje nayo huacha kuvuja. Kukatika kwa hedhi chini ya dawa ni dalili kwamba dawa imeshika. (Kukatika bila dawa yoyote ni jambo jingine, na hilo lipimwe.)

Mama wa msichana wa shule ana hofu yake tofauti. Binti yuko kidato cha tatu, anakosa masomo kila mwezi, daktari amependekeza tembe, na mama anawaza: nikionekana naye kwenye foleni ya kupanga uzazi, watu watasema nini? Ni hofu ya haki katika kijiji ambacho kila mtu anajua ni mlango upi wa zahanati una kazi gani. Tembe hazimfundishi msichana wanaume. Zinampa nafasi ya kukaa darasani hata siku za hedhi. Hakuna kinachomlazimu mama kupanga foleni ile, kwani anaweza kuomba binti aonwe na afisa wa kliniki katika chumba cha wagonjwa wa kawaida, kama mgonjwa mwingine yeyote mwenye maumivu.

Kwa ufupi

Homoni hutuliza endometriosisi kwa kuinyima estrojeni au kuifunika kwa projestini. Haziponyi, kwa hiyo huendelea kwa miaka. Nyingi ziko tayari katika vituo vya umma. Koili ya shaba si mojawapo.

Miezi sita ya kwanza

Hapa ndipo wengi huanguka. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo huja na madoadoa ya damu yasiyo na ratiba: leo kidogo, kesho hakuna, wiki ijayo siku tisa mfululizo. Inachosha, inaharibu nguo, na kwa wengine inavuruga maombi na ndoa. Mtu aliyeahidiwa nafuu anaona damu zaidi ya zamani. Akiacha kwa Depo ya kwanza, hajaijaribu dawa. Inafaa kuipa sindano mbili kabla ya kuihukumu, isipokuwa damu iwe nyingi ya kulowesha pedi kila saa, hapo arudi hospitalini siku hiyohiyo.

Mengine yanayotajwa ni kuongezeka uzito, hasa kwa Depo, maumivu ya kichwa, chunusi, matiti kuuma, hamu ya tendo la ndoa kupungua, na moyo kuwa mzito. La mwisho lisidharauliwe. Mtu anayeanza kulia bila sababu au kuchoka na maisha baada ya kuanza dawa aseme upesi, abadilishiwe.

Kitu kimoja chenye faida kubwa hakigharimu zaidi ya shilingi chache. Wagonjwa wengi Kitui na Makueni huenda zahanati na daftari la shule, ambamo daktari huandika kila ziara. Geuza daftari hilo upande wa nyuma, chora mistari mitatu wima, na kila usiku andika tarehe, maumivu kuanzia 0 hadi 10, na damu: hakuna, madoa, au nyingi. Ukurasa wa mwezi wa kwanza utakuwa na 8, 9, 9, 7, na pembeni labda "sikuenda soko". Ukurasa wa mwezi wa tano ukiwa na 3, 4, 2, na madoa siku kumi na moja, daktari ataona kwamba dawa inafanya kazi hata kama wewe unachokikumbuka ni madoa tu.

Na upande wa mbele wa daftari, omba liandikwe jina la ugonjwa. Hili nalisisitiza kuliko ushauri wowote mwingine katika sura hii. Mwanamke anayepanga uzazi, Depo ikikosekana, anaweza kupewa koili ya shaba na asipoteze chochote, maana mimba imezuiwa. Mwenye endometriosisi akibadilishiwa hivyo amesimamishwa matibabu bila mtu kujua, na nesi hana kosa, kwa sababu kadi iliyo mbele yake inasema "kupanga uzazi" tu. Maneno "endometriosisi, anatibiwa maumivu" yakiwa kwenye daftari, mazungumzo hubadilika.

Dawa kukosekana si jambo la kudhania. Kwa miaka mingi Kenya imetegemea wafadhili kwa sehemu kubwa ya bidhaa hizi, na mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID. Kwa mwenye matibabu ya muda mrefu, la kujua ni kwamba Depo inaweza kudungwa hadi wiki 2 kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ukisikia shehena imeingia Makindu na tarehe yako ni wiki ijayo, nenda leo. Aliyejifunza kujidunga Sayana Press aulize kama anaweza kupewa dozi ya kwenda nayo nyumbani.

Mpaka lini, dawa kwa dawa

Tembe za homoni mbili hazina kikomo cha miaka kwa mwanamke mwenye afya, lakini hazimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, mwenye kipandauso kinachoanza na vimulimuli machoni, au mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Shinikizo lipimwe kabla ya kuanza na kila mwaka.

Kijiti na koili ya homoni hubadilishwa muda wake ukiisha, na kuendelea. Wengine huona maumivu yakirudi kabla ya tarehe ya kubadilisha. Wasisubiri tarehe, waseme. Wanaotumia Tegretol kwa kifafa, au rifampisini kwa kifua kikuu, wajue kwamba dawa hizo hudhoofisha tembe na kijiti.

Depo ina mjadala zaidi. Inapunguza uzito wa mifupa wakati unapoitumia, na kwa sehemu kubwa mifupa hurudi ukiacha. Marekani huwatahadharisha wanaopita miaka 2. Shirika la Afya Duniani haliweki kikomo kwa wanawake wa miaka 18 hadi 45, ila linataka uangalifu kwa wadogo na wakubwa kuliko hapo. Msimamo wangu ni kwamba baada ya miaka 2 au 3 daktari na mgonjwa wakae chini waulizane upya, badala ya sindano kuendelea kwa mazoea. Uji wa wimbi una kalsiamu nyingi, maziwa pia, na jua la Kibwezi halina upungufu. Mazoezi ya kubeba uzito huimarisha mifupa, na anayebeba mtungi wa lita ishirini kutoka mtoni hahitaji kuambiwa hilo mara mbili.

Mwaka 2024 utafiti wa Ufaransa ulionyesha kwamba wanaotumia sindano hiyo zaidi ya mwaka mmoja wana hatari mara 5.6 ya kupata meninjioma inayohitaji upasuaji, yaani uvimbe wa utando wa ubongo ambao mara nyingi si saratani. Uvimbe huo ni nadra, na mara 5.6 ya kitu nadra bado ni kitu nadra. Lakini anayepata maumivu mapya ya kichwa yasiyoisha, au macho yanayofifia, asiyatafutie dawa dukani tu. Na wale waliosikia kwamba Depo huleta virusi vya UKIMWI, utafiti mkubwa wa nchi nne, Kisumu ikiwa kituo kimojawapo, ulitoa majibu 2019: hapakuwa na tofauti kubwa ya maambukizi kati ya Depo, kijiti na koili ya shaba.

Kuna kundi la mwisho, sindano za kuzima ovari kama Zoladex, miligramu 3.6 kila siku 28. Hizi humweka mwanamke katika hali ya kukoma hedhi kwa muda: joto la ghafla, jasho la usiku, uke mkavu, mifupa kupungua. Kwa kawaida hutumiwa miezi 6, na hutolewa pamoja na kiasi kidogo cha homoni ya kurudishia ili kulinda mifupa. Tembe mpya za aina hii zinazoweza kwenda hadi miaka 2 zimeidhinishwa Marekani na Ulaya, lakini bado si dawa za zahanati.

Homoni zisipotosha

Ikiwa umejaribu dawa mbili tofauti, kila moja kwa miezi sita kwa uaminifu, na daftari bado lina 8 na 9, omba rufaa ya kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote. Vivyo hivyo ikiwa kuna uvimbe mkubwa kwenye ovari, damu kwenye choo wakati wa hedhi, au kifua kuuma na pumzi kukatika kila mwezi. Huenda ukahitaji upasuaji, na pengine Nairobi. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA. Hakikisha umejisajili na malipo yamekamilika kabla ya safari, na uulize hospitali kwa simu ni kiasi gani kitalipwa na bima na kipi ni chako. Baada ya upasuaji homoni kwa kawaida huendelea, kwa sababu bila hizo ugonjwa hurudi upesi zaidi.

Kuondoa mji wa mimba hupendekezwa wakati mwingine kama suluhu ya mwisho. Madoa yaliyo nje ya mji wa mimba hayaondoki nao, na si kila aliyeondolewa hupona.

Ukitaka mtoto

Homoni hizi haziharibu kizazi, na pia hazikitibu. Wakati unazitumia kwa kawaida hupati mimba, na hakuna "kusafisha" kunakofanyika ili upate baadaye. Kijiti, koili au tembe zikiondolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi ndani ya wiki chache. Depo huchelewa: kwa wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, kwa hiyo aliyedungwa Januari asihofu ikifika Oktoba bado. Anayejua atataka mtoto mwakani ni bora ahame Depo mapema, atumie tembe hadi wakati ufike, ili maumivu yasipate mwanya katikati.

Mwenye endometriosisi asisubiri mwaka mzima kama wengine. Miezi sita ya kujaribu bila mafanikio inatosha kwenda kuonwa na mtaalamu, pamoja na mume, kwa sababu mbegu nazo hupimwa. Akipata mimba, autaje ugonjwa wake kliniki ya wajawazito tangu ziara za mwanzo, na wakubaliane kabla ya kujifungua dawa ipi itafuata. Kijiti kinaweza kuwekwa kabla hajatoka wodini na Depo huanza wiki 6 baadaye, na vyote viwili haviharibu maziwa.